Asubuhi Kila Betri Huonekana Nzima

Hadija mwanangu,

Salamu nimeziweka za kesho, tutapeana kwa mdomo pale stendi, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja. Sasa hivi ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda Magarama kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na umesikiliza habari za majirani wote. Nimefunga karakana mapema. Amepita mtu na betri ya pikipiki, nikamwambia fundi amesafiri, na alikuwa ananitazama usoni. Amecheka, akaondoka.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na kujifunika baridi. Muyinga unakokwenda si mwezini. Mambo hayo angekuandikia mama yako, tena angekushonea na mfuko wa kuyawekea. Mimi ninachojua ni betri, na nataka kukuandikia kuhusu betri. Nataka pia kukuandikia kuhusu yeye, na nimekaa hapa muda mrefu najaribu kutenganisha mambo hayo mawili, yamekataa.

Siku ya arobaini ya mama yako, watu walipomaliza kusoma hitma na kuanza kula, ulinifuata nyuma ya nyumba. Uliniuliza kwa sauti ndogo, "Papa, ulikuwa unajua?" Nikakwambia viti havitoshi, nikaenda kuazima kwa jirani. Viti vilikuwa vinatosha. Tangu siku hiyo unanisalimia vizuri, unanipikia, unanitengea maji ya udhu, lakini hujaniuliza tena kitu chochote, hata bei ya sukari. Na sasa unakwenda kuishi kwenye kilima chake, kijijini kwao Muyinga, kwa kaka yake, na hujapewa jibu lako. Naogopa sana, mwanangu. Naogopa kimya hiki kitakuwa ndiyo desturi yetu, utakuwa unanitumia salamu kwa watu wa basi, na mimi nitazeeka nikipokea salamu.

Basi niandike. Kwenye maneno ya mdomo mimi ni mkali na sina subira, unanijua. Kalamu inanipunguza mwendo.

Nianze na kazi unayoitiwa. Mjomba wako Ezekieli na wenzake wana lile trekta dogo la umeme lililoachwa na mradi wa bustani siku mradi ulipofungwa. Watu wa kilima kile wako wa namna mbili. Kuna waliorudi kutoka Tanzania kama mama yako na mjomba wako, wakakuta mashamba ya wazazi wao yanalimwa na wengine. Na kuna hao wengine, waliobaki pale miaka yote ya vita, wanaosema walilinda ardhi isiwe pori. Waligawana mashamba katikati mbele ya wakubwa wa serikali ya komine, wakashikana mikono, kisha kwa miaka wakawa wanasalimiana kwa mdomo tu. Kitu cha kwanza walichofanya pamoja kwa moyo ni chama cha trekta hilo. Kwa hiyo usidhani unakwenda kuangalia betri sita. Watakapokuuliza kama zitaumaliza msimu wa mvua, watakuwa wanauliza pia kama chama kitaumaliza.

Ukisema zitafika na zisifike, watakuwa hawakutafuta vibarua wa majembe, mvua itawakuta nusu ya mashamba hayajaguswa, na kila upande utasema upande wa pili ndio ulioziua. Ukisema hazitafika, itabidi wavunje akiba yao sasa, na kuna wazee watakaokuchukia huku wanakuchekea na kukuongezea maharage. Majibu yote mawili yana uchungu. Lakini moja kati ya hayo ndilo wanalolitaka kwako, na hawana mwingine wa kumuuliza.

Mimi nililiona trekta lile likiwa jipya kwao. Tulikwenda na mama yako, wewe ulikuwa bado uko shule ya ufundi. Halipigi kelele, unajua. Siku ile lilipoanza kutembea, mzee mmoja alizunguka nyuma kuangalia nani analisukuma. Mama yako akasema na yeye anataka. Akapanda na kanga zake, akalima mstari mmoja uliopinda vibaya sana, akashuka anawaambia mstari huo usisahihishwe, ni wa kwake. Wakaupanda maharage hivyohivyo ulivyopinda. Mjomba wako baadaye alinipigia simu kunieleza kwamba maharage ya mstari ule yalizaa kuliko mengine yote. Najua alikuwa anamfurahisha dada yake, maana maharage ni maharage. Lakini mama yako aliitangaza habari hiyo mtaa wetu mzima wa Nyamugari.

Safari ya pili tulipokwenda, nilikuta betri moja imekufa na wao wamenunua moja mpya, wameitia katikati ya tano za zamani. Walikuwa wamesimama wanangoja niwasifu. Nikawaambia mbele ya wote, "Hii mupya mumeisha kuiua. Iko inabeba wazee watano ku mgongo." Wewe umesoma, utalieleza kwa njia ya shule, lakini ndiyo hivyo: mpya ikifungwa pamoja na zilizochoka, haiziponyi zile, inachoka nazo. Tukapanda gari la kurudi, tukapita Karuzi. Hapo mama yako akageuka akaniambia, "Aliyeinunua ni kaka yangu. Ungemwita pembeni." Nikamjibu kwamba betri haina pembeni. Hadija, nililipenda sana jibu lile. Nililirudia kwa wateja mwezi mzima. Nilijiona mimi ndiye mtu wa kusema kweli katika mji wa Gitega.

Sasa sikiliza namna ya kuzipima, maana shule wamekufundisha mita, hawakukufundisha asubuhi.

Usizipime asubuhi ukaridhika. Betri iliyolala kwenye chaji, hata ile iliyokufa nusu, ukiigusa na mita asubuhi namba inapanda vizuri kabisa. Ni chaji ya juujuu tu. Kuna wenzangu hapa mjini wanaouza betri za mitumba asubuhi tu, adhuhuri wameshafunga meza. Mwambie dereva alipandishe trekta kwenye ule mteremko wa upande wa kisima, jembe likiwa ndani ya udongo, tena udongo uliokunywa mvua. Wewe tembea pembeni na mita yako, upime kila betri peke yake wakati inateseka. Zote sita zitashuka, hilo ni la kawaida. Itafute ile inayoshuka mbele ya ndugu zake, na jembe likisimama inapanda upesi, inajifanya hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo itakayowaangusha.

Watakuonyesha kwa furaha betri inayojaa upesi. Watasema hii ni nzuri, jua likitoka tu kwenye zile sahani za sola yenyewe imeshajaa. Usifurahi nao. Imejaa upesi kwa sababu ndani hakuna tena nafasi ya kuweka kitu. Fungua vizibo, tazama kama maji yanafunika sahani zake za ndani, tazama ule weupe unaozishika. Baada ya kazi weka kiganja ubavuni mwa kila moja, utaikuta moja ina homa. Na usimuulize dereva, dereva analipenda trekta na atakudanganya bila kujua. Waulize wanawake wanaopanda mbegu nyuma yake. Wao wanajua mwaka jana walikuwa wanafika wapi kabla ya kusimama na kulisubiri.

Ukimaliza, watataka uwape siku. Usiwape. Hakuna fundi anayeijua siku. Lakini kutoijua siku si kutojua. Hapo ndipo nilipojificha mimi, mwanangu, ndani ya maneno hayo hayo.

Mama yako nilimjua kwa sababu ya betri, na hadithi hiyo umeisikia kwake ikiwa na chumvi nyingi, nikupe yangu. Walikuwa wamerudi na malori kutoka Tanzania, yeye akaja hapa Gitega kukaa kwa ndugu yake mmoja wa mjini akifuatilia karatasi za shamba la baba yao. Siku moja akaingia karakana ya babu yako na betri ya redio kichwani, asidi imemtiririkia mgongoni, imetoboa kanga yake matundu matundu, na yeye ametulia kama aliyebeba ndizi. Akauliza kwa kile Kiswahili chake cha Kigoma kilichopigwa pasi, "Samahani kaka, betri hii ni nzima?" Nikaitazama. Ilikuwa imekufa kabisa, hata kuizika tulichelewa. Nikamwambia, "Iko muzuri, we iache tu hapa, kesho utakuya."

Nilitaka arudi. Niliichaji usiku kucha, asubuhi akaichukua inasema vizuri, jioni ikamkatia habari katikati, kesho yake akarudi. Tulikwenda hivyo muda. Siku moja akaniambia, "Wewe fundi, betri hii unaijua imekufa, na mimi najua kwamba unajua, sasa tutaendelea kuichaji mpaka lini?" Nikaona aibu mpaka masikioni. Ndiyo tukaoana. Alikuwa Maria, akawa Mariamu. Kaka yake hakuja harusini, alikuja baada ya wewe kuzaliwa, akakubeba, yakaisha.

Alikuwa na neno moja ambalo lilikuwa linaniuma na sikuwahi kumwambia. Baba yake alifia kambini huko Tanzania, wakamzika huko, na kambi ilipofungwa wakaondoka wakaliacha kaburi. Baadaye mtu mmoja aliyepita akawaletea habari kwamba pale pamelimwa mahindi. Kwa hiyo mama yako, akiwa na furaha, akiwa anapeta mchele, bila huzuni yoyote, alikuwa anaweza kusema, "Mimi sikurudi ili nizikwe njiani." Na njiani kwake ilikuwa mahali popote nje ya kilima cha baba yake. Hata hapa Nyamugari, alikokuzaa, hata nyumba hii aliyoipaka chokaa kwa mikono yake, ilikuwa njiani. Mimi nilikuwa naisikia kama mume anayeambiwa kwamba ni kituo cha basi.

Sasa nakuja kwenye lile uliloniuliza.

Ugonjwa wake uliuona, lakini uliuona kwa vipande, ukija likizo na kurudi. Mimi niliuona wote. Miguu ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala amekaa na mito mgongoni. Lakini asubuhi, Hadija, asubuhi alikuwa mzima. Alikuwa amepumzika, uso umeng'aa, anacheka, anauliza nani amekufa mjini na nani ameoa, anakemea namna ninavyochemsha chai. Mimi nilikuwa nampima asubuhi. Mtu ambaye nimekaa maisha yangu yote nikiwaambia watu wasipime asubuhi. Nilikuwa naketi pembeni ya kitanda namtazama anavyocheka, najiambia huyu anapona, halafu nakwenda kazini nikiwa na hakika yangu, na sirudi mpaka jioni, tena nachelewa makusudi, kwa sababu jioni nilikuwa sitaki kuiona.

Siku moja akasema amechoka kukaa, anataka kwenda mwenyewe bombani. Unaijua ile njia, ina kile kipandio kidogo tu, wewe ulikuwa unakipanda ukiimba. Alichukua kale kabeseni ka plastiki, kadogo, ka kuogea mtoto. Nilikuwa mlangoni mwa karakana. Alikwenda vizuri. Kurudi, na maji yasiyofika nusu, akapanda hatua chache akasimama. Akashika ukuta wa watu. Akapanda tena kidogo akasimama, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Halafu akakaa chini, palepale njiani, mama yako ambaye hakuwahi kukaa chini njiani, akaweka beseni pembeni na kunyoosha kanga yake vizuri kana kwamba ameamua kupumzika. Aliinua macho akaniona namwangalia. Akaona kwamba nimeona. Nilikwenda nikabeba beseni, nikamshika mkono, nikaanza kumweleza habari za mteja mmoja wa Giheta aliyetia chumvi kwenye betri, na yeye akacheka mahali pa kucheka.

Wiki hiyohiyo nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima kwa upole, kisha akaniita nje kwenye baraza, akasema nami kwa Kifaransa ili wagonjwa walioketi pale wasifuatilie. Alisema moyo umechoka, dawa zitapunguza maji mwilini lakini hazitaurudisha. Akauliza kama kuna mahali mgonjwa angependa kuwa, au watu angependa kuwaona. Akasema kama kuna safari, ifanyike mapema, wakati bado anaweza kukaa kwenye gari. Hakunipa siku. Nilimuuliza, akasema hana.

Nikatoka pale nimeshika hilo tu, kwamba daktari hajui siku. Nilimwambia mama yako kwamba daktari amesema apumzike, ale mboga, apunguze chumvi. Yeye hakubisha. Tulipofika nyumbani, nikimvua viatu, akaniambia, "Rajabu, nipeleke kwa kaka." Nikasema, "Ngoja upate nguvu kwanza." Akasema, "Haya." Hakurudia tena mpaka mwisho. Wewe unajua mama yako alivyokuwa hodari wa kurudia jambo. Lile moja hakulirudia, na mimi nikajifanya nadhani amelisahau.

Watu wetu hapa wanasema ni heshima kutomwambia mgonjwa. Majirani wakija walikuwa wanamwambia ameongezeka rangi, ameongezeka mwili, na mwili wenyewe ulikuwa ni maji. Siwalaumu, nami nimefanya hivyo kwenye nyumba za watu. Lakini usikubali mtu akuambie kwamba baba yako alinyamaza kwa heshima. Mtu anayewaambia wazee wa chama mbele ya mkutano kwamba wameua betri hajui heshima ya namna hiyo. Nilinyamaza kwa sababu kumpeleka Muyinga kulikuwa ni kukubali. Nilikuwa nimeona akilini mwangu namna gari litakavyorudi. Wewe uko shule, yeye amebaki kule, na mimi nafungua mlango huu peke yangu, naita, halafu nakumbuka. Hiyo ndiyo nilikuwa naikimbia. Nilimfungia mke wangu hapa ili nisifungue mlango peke yangu, na mlango nikaufungua peke yangu vilevile.

Alifariki alfajiri, kama ujuavyo. Unajua pia desturi yetu, na sheikh alisema kama masheikh wanavyosema, kwamba maiti hacheleweshwi. Nikasimama kusema tumpeleke Muyinga, sauti ikatoka kidogo. Wakanitazama kwa huruma. Mmoja akasema, "Muzee, tutaanza kutembeza maiti ku barabara siku yote, juu ya nini? Udongo ni udongo." Alikuwa na haki, kwa dini alikuwa na haki. Nafasi ya kumpeleka ilikuwa ni wakati yuko hai, na hiyo nilikuwa nimeila mimi kidogo kidogo, asubuhi baada ya asubuhi. Adhuhuri tukamswalia. Wewe ulifika kutoka shuleni Bujumbura tukiwa tunatoka makaburini, viatu vyangu vina udongo mwekundu, na uliangalia viatu kabla ya kuniangalia mimi.

Mjomba wako alifika alasiri na wanawake wa kule wamebeba vyakula. Walikuwa wamekuja kwa mguu mpaka barabarani, wakabadilisha magari. Alikuta tunanawa mikono. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alikaa kwenye mkeka, akasema polepole, "Shemeji, ungenipigia hata mara moja. Ningekuja kumchukua mgongoni." Hakusema zaidi siku ile, wala baada yake. Alinitumia habari moja tu, miezi ilipopita, kwamba chama kinahitaji fundi, na kama wewe utakubali.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Nilijua. Nilijua kabla ya daktari, tangu siku ya bomba. Sikujua siku, lakini nilijua, na nilikuwa na muda, na gari lilikuwepo, na yeye aliomba.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka, itakuja yenyewe. Ukikaa nayo hasira, kaa nayo, ina haki ya kukaa. Mimi nakupenda na hilo halibadiliki ukinisalimia au usiponisalimia. Ninachokuomba ni kitu kingine, na nakiomba kwa ajili ya kazi yako na kwa ajili yangu.

Kule watakupokea vizuri mno. Watakupa kiti cha mbele, watakuita jina la mama yako, wanawake watakushika mashavu. Wazee wa pande zote mbili watakaa wakitazama mdomo wako, na utaona usoni mwao jibu wanalolitaka. Utatamani kuwapa. Mimi najua tamaa hiyo ina utamu gani. Mjomba wako mwite pembeni kwanza, mama yako alikuwa na haki katika hilo, muonyeshe kiganja kwa kiganja ile betri yenye homa. Kisha waambie wote. Kama ni mwisho, sema ni mwisho, mapema, wakati majembe bado yanapatikana na mvua haijashuka. Chama kinachoweza kuambiwa kweli kitanunua betri nyingine. Kisichoweza, hata zikiwa mpya zote sita hakitafika popote.

Wakishakuzoea, jioni moja watakuuliza lile jambo ambalo kilima kizima kinaulizana. Wataliuliza kwa adabu, kwa kuzunguka sana, kama Warundi wanavyouliza. Watasema Gitega kuna hospitali nzuri, watasema labda barabara ilikuwa mbaya, labda ilikuja ghafla, ili wakuwekee mlango wa kutokea. Wewe ni mtoto mwenye adabu, utataka kunisitiri. Usinisitiri, Hadija. Wanawake wa kule, waliposikia anaumwa, walimtandikia kitanda, mmoja wao aliniambia siku ya msiba, na hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza kwa nini kililala kitupu. Waambie haikuja ghafla. Waambie Maria aliomba aletwe nyumbani, na mume wake akamwambia ngoja.

Baba yako,
Rajabu